Kunyoa na Kunyonyoa: Jinsi ya Kutunza Manyoya ya Mbwa

Najua wengine wenu mtacheka mkiona kichwa cha habari hii. Mtasema: "Kwetu Kabezi mbwa hulala jivuni, hula ukoko wa ugali na vichwa vya mikeke, na manyoya yake huyatunza Mungu. Leo kijana wa darasa la mwisho anatufundisha kumchana mbwa kama bibi arusi!" Chekeni, lakini someni mpaka mwisho. Mimi pia nilidhani hivyo, na kwa sababu ya kudhani hivyo nilikaribia kumwua mbwa wa shule kwa mikono yangu, tena kwa kumhurumia.

Mbwa mwenyewe ni Pilipili. Waliomaliza miaka michache iliyopita wanamkumbuka. Aliletwa na Bruda mmoja Mbelgiji aliyefundisha fizikia na useremala. Bruda alipougua na kurudi kwao, alimwacha mbwa kwetu, pamoja na kitana cha chuma, burashi ngumu, na maneno machache ambayo hakuna aliyeyaandika. Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na ndiyo sababu leo nayaandika yote.

1. PILIPILI NI MBWA WA NAMNA GANI?

Pilipili ni mdogo. Begani hafiki sentimita 40, na uzito wake ni kilo 8 hivi. Rangi yake ni nyeupe, na mgongoni ana mabaka meusi na ya kahawia. Ana ndevu kama mzee wa baraza, na manyoya yake ukiyashika ni makavu na magumu kama nyuzi za mnazi.

Mbwa wa jamaa hii huitwa terrier. Sisi tunaosoma Kifaransa tunaona mara moja neno terre, yaani ardhi, ndani ya jina hilo. Kazi yao ya asili huko Uingereza ilikuwa kuingia mashimoni chini ya ardhi kumfukuza mbweha au kuua panya. Mbwa anayejipenyeza katika miiba, mawe na matope, na kukutana na meno ya mbweha gizani, anahitaji vazi gumu. Kwa hiyo wafugaji walichagua wale wenye manyoya makavu yasiyoshika maji wala tope.

Kasisi mmoja Mwingereza, John Russell, aliyezaliwa mwaka 1795 na kufa mwaka 1883, alijulikana sana kwa kufuga mbwa hawa. Aina moja mpaka leo huitwa kwa jina lake. Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alikuwa na mbwa wa aina ya Pilipili, jina lake Caesar. Mfalme alipozikwa mwezi wa tano mwaka 1910, Caesar alitembea nyuma ya jeneza, na wafalme wa nchi nyingine wakamfuata mbwa huyo. Na waliosoma vitabu vya picha vya Mbelgiji Hergé watamkumbuka Milou, mbwa mweupe aliyetokea gazetini mara ya kwanza mwaka 1929 pamoja na bwana wake Tintin. Milou naye ni wa aina hii. (Kile kitabu chao cha safari ya Kongo kinawachora Waafrika kwa dharau, na kimelaumiwa kwa haki, lakini mbwa hana hatia.)

Sisemi kwamba Pilipili ni bora kuliko mbwa wetu. Mbwa wa kuwinda wa babu zetu ana manyoya mafupi yanayolala juu ya ngozi, na hayo yanaifaa nchi yetu ya joto. Yeye hahitaji mtu wa kumnyonyoa. Lakini habari nitakazoeleza juu ya kupe, funza na chanjo zinamhusu yeye vilevile, na nyumbani kwenu yuko.

2. MAVAZI MAWILI

Shika manyoya ya Pilipili, uyapeleke kinyume kwa vidole. Utaona mavazi mawili. La nje ni manyoya marefu, magumu, yenye rangi. La ndani ni manyoya mafupi, laini kama malaika ya mtoto. La nje huzuia miiba, mvua, nzi na jua. La ndani hukinga ngozi na baridi.

Sasa sikilizeni vizuri. Unyoya mgumu wa nje huota, hukua mpaka kipimo chake, kisha hufa. Lakini ukifa hauanguki upesi kama unyoya wa mbwa wa kawaida. Hubaki umesimama katika tundu lake kama jani kavu la mgomba lililoning'inia shinani. Zamani, mbwa alipokuwa akipita vichakani na mashimoni, miiba na mawe yalimwondolea manyoya hayo. Mbwa akaaye shuleni hana kichaka cha kutosha. Basi sharti mtu afanye kazi ya kichaka.

Kazi hiyo ndiyo kunyonyoa: kung'oa unyoya uliokufa pamoja na shina lake, ili mpya, mgumu, uote mahali pake. Kunyoa ni jambo jingine kabisa. Ukinyoa, unakata juu tu; shina la unyoya mfu linabaki tunduni, na vazi laini la ndani linapata nafasi ya kutawala. Maneno haya mawili yanafanana mdomoni, lakini kwa mbwa huyu yako mbali kama mashariki na magharibi.

3. KOSA LANGU

Mwaka juzi, mwezi wa tisa, shule ilipofunguliwa, mvua zilikuwa bado kunyesha. Wenyeji wa pwani hii mnajua joto la mwisho wa kiangazi, wakati milima ya Kongo ng'ambo haionekani kwa sababu ya ukungu wa vumbi na moshi. Nilimwona Pilipili amelala chini ya mchikichi, ulimi nje, anahema. Nikasema moyoni: "Maskini! Amevaa koti la Ulaya katika nchi ya ziwa." Nikaazima mashine ya kinyozi, nikamnyoa mwili mzima. Wenzangu wakanisifu. Yeye mwenyewe alirukaruka, nami nikadhani ananishukuru.

Baada ya siku chache ngozi yake, iliyokuwa nyeupe, ikawa nyekundu kwa jua. Nzi wakamtoboa masikio. Aliingia katika ua wa miiba kama desturi yake, akatoka na mikwaruzo tumboni. Halafu mvua zikaanza, na manyoya yakarudi, lakini hayakuwa yale. Yalikuwa laini kama pamba, rangi yake imefifia, na kila tope la shamba lilishika na kukauka humo. Kufika Krismasi, nyuma ya masikio na kwapani palikuwa na mafundo magumu kama kamba iliyosokotwa. Kitana hakikupita. Nikaacha kuchana, nikajisingizia mitihani.

Mwezi wa pili, mwenzangu mmoja wa Rumonge alinijia jioni. Yeye ni Mwislamu, na kwa ajili ya tohara yake hamgusi mbwa. Lakini ana macho. Akaniambia: "Ndugu, mbwa wako leo amekojoa mkojo mweusi kama chai ya rangi, na hakukimbilia kengele ya chakula." Nilikwenda mbio. Nilipofunua mdomo wa Pilipili, fizi zake zilikuwa nyeupe kama karatasi.

Usiku huo sikulala. Asubuhi, kwa ruhusa ya Padri Mkuu, nilimbeba katika kikapu mpaka Bujumbura, kwa mmoja wa wakubwa wetu aliyesoma hapa, ambaye sasa ni daktari wa mifugo. Alitoa tone la damu sikioni, akaliangalia kwa hadubini, akaniita nitazame. Ndani ya chembe nyekundu za damu kulikuwa na vijidudu viwili viwili kama matone ya machozi. Vinaitwa Babesia. Huletwa na kupe, huingia ndani ya chembe za damu na kuzipasua; ndiyo sababu mkojo huwa mweusi na fizi huwa nyeupe. Kisha daktari akakata yale mafundo ya manyoya kwa makasi, akahesabu kwa sauti kila kupe aliyemkuta chini yake. Wakafika 17. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mara ya mwisho vidole vyako vilifika kwenye ngozi yake lini?" Sikuwa na jibu.

Pilipili alipigwa sindano, akapona polepole. Nilimwandikia Bruda barua ya kuungama. Alinijibu kwa kurasa nne zenye michoro, na mafundisho yafuatayo mengi ni yake na ya yule daktari. Mimi nimeongeza yale tu niliyoyajaribu mwenyewe.

4. KAZI YA KILA JUMA

Kazi hii huchukua dakika 20, nasi huifanya Jumamosi mchana. Mweke mbwa juu ya meza isiyotikisika, juu yake gunia ili asiteleze. Mwenzako amshike shingoni kwa upole.

Kwanza vidole, bila chombo chochote. Anza puani, pita chini ya ndevu, ndani na nyuma ya masikio, shingoni, kwapani, tumboni, katikati ya vidole vya miguu, mpaka chini ya mkia. Unatafuta kupe, uvimbe, jeraha, fundo na mahali penye joto. Macho huona manyoya. Vidole huona ngozi.

Pili burashi ngumu, kwa kufuata manyoya yalivyolala. Tatu kitana cha chuma, hasa miguuni na ndevuni, kwa maana hapo manyoya ni marefu. Ukikuta fundo, usivute kwa nguvu. Ligawanye kwa vidole kidogo kidogo, kisha lichane kuanzia ncha kwenda kwenye ngozi.

Ndevu zioshwe kwa maji matupu na kukaushwa, maana mabaki ya dagaa yakioza humo, mtanuka naye darasa zima. Mwisho tazama kucha. Zikigonga sakafu ya saruji kwa sauti, ni ndefu. Kata ncha tu, usifike kwenye mshipa wa damu.

5. KUNYONYOA

Hii hufanywa kama mara mbili kwa mwaka, lakini tarehe haitoki katika kalenda. Hutoka katika manyoya yenyewe. Shika manyoya machache ya mgongoni kwa kidole gumba na cha shahada, vuta kidogo. Yakitoka mara moja na mbwa hageuzi hata kichwa, yameiva. Yakikataa, au mbwa akishtuka, hayajaiva. Ngoja wiki mbili tatu. Unyoya uliokufa hauumi, kama vile jani kavu haliumizi mgomba. Anayeona uchungu ni yule anayeng'olewa unyoya mbichi.

Fuateni utaratibu huu:

(a) Chana kwanza mwili wote. Manyoya yawe makavu, wala mbwa asiwe ameoshwa karibuni, kwa sababu manyoya yaliyooshwa huteleza.

(b) Paka vidoleni unga wa chaki ili vishike vizuri. Vipande vya chaki vilivyobaki ubaoni vinatosha.

(c) Kwa mkono wa kushoto vuta ngozi iwe imara. Kwa mkono wa kulia shika manyoya machache sana, karibu na ncha, uvute upande yanakolala, yaani kuelekea mkiani. Mkono wote uende nyuma. Usipinde kiwiko cha kiganja, maana hapo unyoya hukatika badala ya kung'oka.

(d) Anza mgongoni, kisha mbavuni, shingoni na kichwani. Usimalize siku moja. Mbwa huchoka, na vidole vyako pia. Sisi hutumia Jumamosi tatu.

(e) Tumboni, mapajani kwa ndani na sehemu za siri, usinyonyoe kamwe. Hapo ngozi ni nyororo. Tumia makasi yenye ncha butu.

(f) Miguuni na ndevuni, toa tu yale manyoya yaliyozidi urefu. Ndevu ni heshima yake, mwachie.

Ukimaliza, mbwa atabaki na vazi la ndani tu, naye ataonekana kama kuku aliyeponea chupuchupu. Msimcheke. Mweke kivulini wakati wa jua kali, na mahali pakavu usiku. Baada ya wiki chache manyoya mapya huchomoza, na kwa muda wa miezi miwili au mitatu vazi gumu limerudi.

Na yule aliyekwisha kunyolewa, je? Nitawaambia kweli. Nimemfanyia kazi Pilipili zaidi ya mwaka mmoja. Mgongoni manyoya magumu yamerudi na rangi yake. Mapajani bado ni pamba. Nilichoharibu kwa nusu saa bado sijakimaliza kukitengeneza.

6. KUMWOSHA

Msimwoshe mara nyingi. Tope la mbwa huyu likikauka, hutoka kwa burashi. Kumwosha kila juma hulainisha manyoya na kuondoa mafuta ya ngozi. Tena sabuni si zote sawa. Sabuni yetu ya mawese ya Rumonge ni nzuri kwa mashati, lakini imetengenezwa kwa magadi makali, na ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu. Ikiwapo sabuni ya mbwa, tumia hiyo. Isipokuwapo, maji safi ya vuguvugu yanatosha mara nyingi. Muhimu kuliko sabuni ni kusuuza mpaka maji yatoke meupe, kisha kumkausha kwa kitambaa.

Wengine hupenda kumtupa ziwani. Mimi sifanyi hivyo. Mamba na viboko wa Tanganyika hawaulizi mbwa ni wa nani, wala mtu aliyemfuata.

7. KUPE, VIROBOTO NA FUNZA

Kupe jike mmoja wa mbwa, akishiba damu, huanguka na kutaga mayai elfu kadhaa katika nyufa za ukuta. Kwa hiyo kumtoa kupe mmoja mapema ni kutoa kijiji kizima. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Usimpake mafuta ya taa wala kumchoma kwa kijiti cha moto. Hapo hutapika mate yake ndani ya jeraha. Usimpasue kwa kucha. Mtie katika chupa yenye spiriti, kisha nawa mikono.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe msimpake mbwa kwa kukisia; kipimo cha ng'ombe chaweza kumwua. Tena kuna watu wanaomtibu mbwa mwenye upele kwa oili chafu ya gari. Oili hiyo hupenya ngozini, na mbwa huilamba, ni sumu. Mwulizeni daktari wa mifugo, naye atawapa dawa kwa uzito wa mbwa.

Funza mnamjua wote. Mdudu huyu si wa kwetu kwa asili. Alifika Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amevuka bara zima kwa nyayo za wapagazi na wanyama. Hupenda vumbi na mchanga mkavu, kama ule wa pwani yetu. Mbwa humchukua kati ya vidole vya miguu na kumleta mpaka bwenini. Kumwagia maji na kufagia mahali alalapo mbwa ni kuwalinda hata wadogo zenu nyumbani.

8. JAMBO LA KWANZA, NINGAWA NIMELIWEKA MWISHO

Kabla ya kumshika mbwa yeyote, hakikisheni amechanjwa kichaa cha mbwa, na chanjo irudiwe kwa wakati wake. Ugonjwa huu dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara ni kifo. Lakini unazuilika tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885, naye akapona. Ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa usiyemjua, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.

OMBI LANGU

Sasa mmejua kwa nini nimeandika. Mwaka huu ukiisha mimi naondoka, na kitana cha Bruda hakina mwenyewe. Mara ya kwanza mbwa huyu aliachwa bila maandishi, nikamwumiza mimi. Sitaki aachwe hivyo mara ya pili. Natafuta wadogo zangu wawili wa madarasa ya chini watakaojifunza kazi hii mpaka vidole vyao viijue. Si lazima mmpende mbwa tangu siku ya kwanza, mimi sikumpenda. Yatosha kutokuwa wavivu siku ya Jumamosi.

Atakayependa aje baada ya kazi za usafi, nyuma ya karakana ya useremala. Mtamwona juu ya meza. Leteni mikono mitupu, chaki ninayo.